Zamu ya Darajani

Pale Vurra, mpakani mwa Uganda, malori yaendayo Kongo hupanga foleni kabla jua halijatoka, na mtu anayejua kuishi na foleni hakosi cha kutia mdomoni. Anguzu alijua. Yeye ni fundi wa turubai. Lori likija na turubai lililochanika, na dereva akiona upande wa Aru kumetanda wingu jeusi, bei ya kushona hapangi dereva. Anguzu hakuwa mkamuaji, lakini pia hakujifanya kipofu mbele ya wingu.

Alitoka kwao Pajulu na sindano moja ya kuazima. Hakukuwa na mjomba wa kumfungulia duka. Alikaa chini ya malori ya watu, akashona, akasikiliza madereva wakibishana, akajifunza kwamba anayetaja bei kwanza ndiye anayelia mwisho. Miaka ikapita, akapata kibanda cha mabati, cherehani moja nzito, rundo la mipira ya ndani ya matairi kwa ajili ya viraka, na jina. Madereva walimwita Bwana Turubai. Hata Kiswahili chake alikiokota palepale foleni. "Zamu ya nani?" ndiyo sentensi ya kwanza aliyoisema sawasawa, kwa sababu pale Vurra mtu akiruka zamu ya mwenzake anaweza kurudi nyumbani bila meno.

Katika foleni hiyohiyo ndipo alipojifunza mchezo. Ulikuwa mchezo wa simu, na watu wa Vurra waliuita Serikali, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutawala: unapewa kijiji kimoja na wakulima wachache, unalima, unafungua barabara, unajenga soko, unatoza ushuru, unaajiri askari, na polepole kijiji kinakuwa dola. Ukishafanya yako unamwachia mwenzako afanye yake, hata kama yuko mji mwingine. Hakuna haraka. Mtu aweza kutawala asubuhi, kisha akashona turubai hadi kesho.

Wengi walishindwa kwa jambo moja. Walipenda askari. Waliwaajiri kwa fujo, wakawapanga mipakani kama mahindi, wakafurahi kuwatazama. Lakini askari wa mchezo ule ni kama askari wa kweli: anakula hata siku asiyopigana. Hazina inakauka, mashamba yanakosa watu, na mwisho askari wenyewe wanakutoroka. Wengine walikimbilia upande wa pili: masoko matupu, ghala zimejaa, na mpakani hakuna hata mtu wa kubweka. Hao walinona kwa faida ya jirani.

Anguzu alikuwa na njia yake. Aliweka askari wachache sana, akiwahamisha leo hapa kesho kule ili jirani adhani ni wengi. Akiba yote iliingia sokoni. Jirani akija juu, anampelekea zawadi ya ng'ombe. "Ng'ombe mmoja ni rahisi kuliko vita moja," alikuwa akisema, na mara nyingi alishinda.

Basi akampenda Suzan.

Suzan alikuwa msusi, na kibanda chake kilikuwa Arua, njia ya Ediofe. Watu wake walitoka ng'ambo ya Sudan Kusini, pande za Yei, wakati wa mapigano, wakatua Koboko. Baba alikuwa amekufa. Wajomba na baba wadogo walikuwepo, lakini wote walimsikiliza mtu mmoja, kaka yake mkubwa, Lemi, mlinzi wa ghala la ufuta mjini Koboko. Lemi asipofungua mdomo, hakuna mzee atakayekaa kikao.

"Nimpigie simu?" Anguzu aliuliza.

"Kaka hapendi simu. Anasema kwa simu kila mutu iko na roho nzuri."

"Basi niende."

"Ukienda atakuangalia tu. Atakuangalia mpaka wewe mwenyewe unaaga." Suzan akacheka, mikono ikiwa kichwani kwa mteja. "Lakini Serikali anacheza. Akiwa kwa kazi yake, mchana kutwa, iko na Serikali."

Hivyo ndivyo posa ilivyoanza, kwa mwaliko wa mchezo. Lemi aliupokea siku hiyohiyo, akaandika ujumbe mmoja: "Mimi nasikia wewe nataka dada yangu. Cheza, nione."

Anguzu akajibu, "Asante shemeji."

"Bado. Usiniite hivyo."

Walicheza wiki nyingi. Lemi hakuwa mtu wa maneno. Akimaliza upande wake aliandika "dor yako," dor likiwa neno lao la Kiarabu cha Juba la kumwambia mwenzako sasa ni wewe, na Anguzu, kwa kutaka kupendeza, naye akaandika "dor yako." Dola zao zilitenganishwa na mto, na juu ya mto palikuwa na kivuko kimoja. Lemi alitawala kama mtu aliyewahi kufukuzwa. Kila kijiji chake kilikuwa na ukuta, kila ukuta na askari wa mikuki, na watu wake walikula kwa kupimiwa. Mji mmoja tu ndio ulikuwa na shibe, mji wa ghala, aliouita Jikoni, karibu kabisa na kivuko. Mbele ya Jikoni alisimamisha askari wanne ambao hawakuondoka hata mara moja.

Anguzu alipoona hivyo alimsikitikia, kisha akapiga hesabu. Mwenye ukuta mwingi ana njaa, na mwenye njaa hununua. Akaamua kujenga daraja pale kivukoni apitishe nafaka na chumvi. Kujenga daraja kulitaka mafundi wasimame pale, na mchezo hauruhusu mafundi na askari kukaa mahali pamoja. Akawaondoa askari wake wawili wa kivukoni, akawarudisha nyuma hatua moja. Akaingiza mafundi, daraja likasimama, mafundi wakaondoka. Wakati huo lori la pombe lilikuwa linangoja kiraka na dereva anapiga honi. Anguzu akaandika haraka, kwa Kiswahili chake mwenyewe cha foleni:

"Nimemaliza zamu ya daraja. Nangoja na wewe."

Akarudi kwenye sindano.

Kesho yake alipofungua simu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Askari wanne wa Lemi hawakuwepo. Daraja tupu, lango la Jikoni tupu, ghala limejaa, na hakuna mtu. Chini yake ujumbe: "Na mimi nimemaliza. Dor yako."

Andama, dereva wa lori la saruji aliyekuwa akingoja turubai lake, aliinama begani kwa Anguzu akatazama.

"Eh. Huyu mutu amelala?"

"Halali huyu."

"Basi wewe nangoja nini? Mulango iko wazi."

"Ndiyo maana nangoja," Anguzu alisema. "Mtu akikushushia bei kabla hujaomba, kagua mzigo."

"Kagua, kagua. Utakagua mpaka mutu mwingine aoe."

Anguzu akafikiri. Mtego? Hakuona askari waliofichwa popote. Uzembe? Lemi hakuwa mzembe. Kilichobaki ni kimoja: kaka mtu anampima. Anataka kuona kama huyu mshona turubai, anayetuma zawadi kila mara, ana moyo wa kuchukua kitu kikiwa mbele yake. Nani atampa dada yake mwanamume anayeogopa lango lililo wazi? Hivyo ndivyo alivyojiambia, na lililokuwa tamu zaidi ni kwamba lilikubaliana na faida. Akawavusha askari wake wawili. Jikoni ikaanguka bila hata mkuki kurushwa. Ghala lote likahesabiwa lake.

Lemi hakujibu siku hiyo, wala iliyofuata. Suzan ndiye aliyepiga simu.

"Umemfanyia nini kaka?"

"Tumecheza tu. Nimechukua mji."

"Amesema wazee wasije kikao ya Jumamosi, ile alikuwa ameshawaita. Amesema wewe iko kama wale."

"Wale nani?"

"Wale waliosema wekeni silaha chini, tukae kwa amani. Watu wakaweka. Halafu wakaingia. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka mbio tu. Yeye anakumbuka yote." Akashusha pumzi. "Anguzu, mimi siwezi kuruka juu ya kaka yangu. Ujue hivyo."

"Mimi sikumwambia aweke kitu chini."

"Enda umwambie yeye."

Mtu mwingine angenunua mbuzi. Anguzu alijua kwamba zawadi ikitangulia maelezo inakuwa ushahidi. Akafunga kibanda, akatia sindano na nyuzi mfukoni kwa mazoea tu, akapanda gari la Koboko.

Ghala la ufuta lilikuwa nyuma ya soko, na mbele yake uwanja mpana ambapo ufuta hufunikwa mvua ikitisha. Lemi alikuwa amekaa kwenye benchi langoni, rungu likiwa magotini. Mwili mrefu, mkavu, macho hayana haraka. Pembeni Mariam Poni, mama wa Kinubi auzaye chai, alikuwa akipepea jiko lake la makaa.

"Salaam," alisema Anguzu.

Lemi alimtazama. Ikawa kama Suzan alivyosema: alitazama tu. Anguzu akahisi miguu ikianza kuaga yenyewe. Akageuza macho uwanjani, akaona turubai la ghala limepasuka kutoka pembe hadi katikati, likiwa limefungwafungwa kwa kamba za katani kama kidonda cha mtu asiye na dawa. Akaenda akaliketia, akatoa sindano. Mtu ambaye mikono yake ina kazi hafukuzwi upesi.

"Nani amekutuma kushona?" Lemi aliuliza hatimaye.

"Hakuna. Linanikera."

"Hakuna mutu atalipa."

"Sijataja bei."

Mariam Poni akacheka ndani ya moshi wa jiko. "Mwanangu Lemi, huyu ndiye yule wa serikali? Mwache ashone. Mvua ikikuta ufuta, tajiri atakula wewe."

Anguzu akashona kipande. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Suzan anasema nilikuambia uweke silaha chini. Nilisema wapi?"

Lemi akatoa simu, akaifikisha usoni pa Anguzu. Ujumbe ulikuwepo. "Soma."

"Nimemaliza zamu ya daraja. Nangoja na wewe."

"Iko mukono yako ama ya mutu mwingine?"

"Yangu. Nimemaliza zamu. Nimecheza yangu, nangoja ucheze yako. Nimejenga daraja."

"Zamu," alisema Lemi, akagonga benchi kwa rungu, "ni hii. Mimi nakuja asubuhi, naingia zamu. Jioni mwenzangu nakuja, namaliza zamu, naacha lango. Kiswahili yangu nilipata hapa, kwa walinzi. Wewe naandika umemaliza zamu ya daraja. Mimi naangalia: kweli, askari yako imetoka kwa daraja. Unasema unangoja na mimi. Nikasema, huyu mutu ametoa yake kwanza. Sijaona mutu anatoa yake kwanza. Nikatoa yangu." Akakohoa. "Nikaambia mpaka baba mdogo."

Anguzu aliacha kushona. Alijiona tena pale Vurra, honi inalia, kidole kinaandika. "Zamu ni ya foleni," alisema polepole. "Zamu ya nani, zamu yako, zamu yangu. Mimi sijui nyingine."

"Haya, mama," Lemi akamgeukia Mariam Poni. "Wewe baba yako alikuwa askari. Kiswahili yako iko ya zamani. Zamu ni nini?"

Mariam Poni alimimina chai kwanza. Hakuwa mtu wa kutoa hukumu na kikombe kitupu.

"Zamu ni zamu," alisema. "Nyinyi nafanya kama iko mbili. Baba yangu alikuwa nasimama lango kwa sababu imefika yake. Ikifika ya mwingine, yeye nalala. Kama hakuna wa kupokea wewe, hiyo si zamu, hiyo ni kifungo. Kunyweni chai."

Walikunywa. Kwa muda Anguzu alidhani mambo yamekwisha, kwa kuwa kosa lilikuwa la neno na neno limefunuliwa. Lakini Lemi aliweka kikombe chini.

"Neno nimekubali. Hukunidanganya. Lakini uliona mulango wazi, ukaingia."

"Niliingia. Nilifikiri unanipima."

"Nilikuwa nakupima."

"Basi?"

"Basi umeingia."

Hapo hapakuwa na pa kubishania. Anguzu, aliyewahi kubishana bei na dereva wa Kikongo mpaka huyo akamwachia na chakula chake cha njiani, alisema jambo la kwanza lililokuja: mchezo hutunza nakala, waweza kurudishwa nyuma siku ile ya daraja, ionekane kama halikutokea.

"Hapana," alisema Lemi. "Kwetu hakuna aliyerudisha nyuma. Dor iko yako. Cheza hapahapa, nikiona."

Anguzu akafungua simu juu ya turubai. Hali ilikuwa hii. Askari wake wawili wako ndani ya Jikoni. Kaskazini wametokea wapanda farasi wenye bendera nyeusi, wanyang'anyi ambao hawana mchezaji, mchezo wenyewe huwatuma wanaponusa mji usio na ulinzi. Akiwatoa askari wake, wapanda farasi watachukua Jikoni na ghala lote. Akiwaacha ndani, yeye ni mtu aliyekalia jiko la wenzake. Na hazina yake ilikuwa nono, akiba ya tangu mwanzo, aliyoiweka kwa ajili ya soko kuu. Soko hilo likisimama, mchezo umekwisha na yeye ndiye mshindi. Zilibaki siku chache tu.

Alilitazama lile soko ambalo bado halijajengwa kama mtu anavyotazama lori likiondoka na sindano yake. Iliuma, na asingejidanganya kwamba haikuuma. Kisha akafanya. Kwanza aliirudisha Jikoni kwa mwenyewe, na nafaka ndani yake bila kupunguza. Pili akawatoa wale wawili nje. Tatu akafungua hazina akaajiri askari wa mikuki wengine wanne, ghali, wa haraka, kwa bei ambayo siku nyingine angeitukana, akawapanga wote darajani, mgongo kwa Jikoni, uso kaskazini. Hazina ikabaki kama sufuria iliyokwanguliwa.

Lemi alikuwa ameinama, anafuata kila kidole.

"Soko yako?"

"Halipo tena."

"Hawa askari watakula nini?"

"Watakula kwangu."

"Mpaka lini?"

Anguzu akabonyeza kitufe cha kumaliza. "Mpaka zamu yako," alisema, na safari hii yeye mwenyewe hakujua anatumia zamu ipi kati ya zile mbili.

Mariam Poni akakohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha cheko. Lemi hakucheka. Aliinuka, akatembea hadi mwisho wa turubai, akavuta mshono kwa mikono yote miwili, akauvuta tena kwa nguvu. Haukuachia. Akatoa simu nyingine, ile ndogo ya kupigia, akaongea kwa lugha yao maneno machache. Anguzu alishika jina la Suzan na neno Jumamosi.

"Wazee watakuja," Lemi alisema, akikaa tena. "Kuja na mutu wa kuongea."

"Naweza kuongea mwenyewe."

"Wewe usifungue mdomo. Kaa kimya mpaka mwisho. Ile Kiswahili yako itaua watu."

Anguzu akamaliza kipande cha turubai kilichobaki, na hakutaja bei. Mariam Poni alimtaka alipie chai, vikombe vyote vitatu.

Gari lilikuwa limeshaipita Koboko, linashika njia ya Arua, simu ilipolia. Lemi alikuwa amecheza. Darajani palikuwa na askari wanne wa mikuki wa Lemi, wamesimama pale waliposimama wa Anguzu. Mchezo huwarudisha kwao askari wakipokewa, hivyo wake sita walikuwa upande wao wa mto, na posho ya kulinda daraja haikuwa tena inatoka kwenye hazina yake. Wapanda farasi walikuwa wamegeuza njia.

Ujumbe ulikuwa mmoja: "Nimeingia zamu. Pumzika."

Anguzu akapiga hesabu ya haraka. Akiwapunguza askari wawili, kwa ushuru wa daraja, soko kuu lingewezekana kabla ya mvua za pili. Akapunguza mmoja tu, kwa kuwa zamu yake darajani ingerudi.